Jina Alilolitaja Jabez Hockin

Kile kichuma chembamba kilizama katika siagi mpaka kikagusa kitako cha pipa. Jabez Hockin akakizungusha mara moja, akakichomoa taratibu. Siagi ilitoka nacho, ndefu na ya manjano kama mshumaa. Aliinusa, kisha akaigusa kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa na ladha ya tanipu, ile mizizi wanayolishwa mifugo. Effie Moase alikuwa ameishiwa nyasi kavu tangu Krismasi, na ng'ombe wake mmoja alikuwa akila chochote kilichobaki ghalani.

Nyuma ya Effie walisimama wanawake wawili wengine na mapipa yao ya kumuuzia, wakimtazama Jabez usoni. Katika kijiji chote cha Instow hapakuwa na uso uliochunguzwa kama huo wakati wa kupima siagi, maana mwanamke aliyekunjiwa pua dukani alitembea na aibu hiyo mpaka masika. Jabez alilijua hilo. Kwa miaka ishirini na mitatu nyuma ya meza ile alikuwa ameufundisha uso wake kutulia.

"Sawa, Bi Effie," alisema. "Ya kwako ya leo naiweka upande wangu."

Akalisukuma pipa chini ya meza, mahali pa vitu vitakavyoliwa na nyumba yake mwenyewe. Effie alishusha mabega. Ni mke wa Jabez tu, Keziah, aliyejua ni kwa nini mezani kwao siagi ilikuwa na ladha ya tanipu kila mwezi wa Januari, naye hakuwahi kulisema.

Ilikuwa siku ya kura. Mjumbe wa zamani wa wilaya yao katika Bunge la Kisiwa alikuwa amefariki mwezi wa Novemba, na watu wa Instow walimfuata Jabez dukani, mmoja leo, wawili kesho, wakimwambia asimame. Alianza maisha akitembea shamba hadi shamba na mzigo wa sindano na nyuzi mgongoni. Baadaye akafungua duka. Wakamfanya mdhamini wa shule kwa sababu alikuwa na saa ya mfukoni, kisha mwangalizi wa barabara kwa sababu alikuwa na farasi jike mtulivu, kisha wakampa na kazi ya njia ya barafuni, ambayo hakuna aliyeitaka. Vyeo vyote hivyo aliviingia kama mtu anayesukumwa mlangoni na watu walio nyuma yake. Hiki cha Bunge peke yake alikitaka kwa moyo wake, na kila mtu alijua sababu.

Kati ya Instow na kijiji cha Ardroy, ng'ambo, ulipita mto mpana. Kiangazi watu walivuka kwa mashua. Baridi ikikolea walivuka juu ya barafu. Lakini kila mwaka zilikuwapo wiki, mwanzo wa baridi na mwisho wake, ambapo barafu haikubebi wala haikuachi upitishe mashua, na daktari pekee wa eneo lile alikaa Ardroy. Aprili ya mwaka juzi, Tamsin, binti pekee wa Jabez na Keziah, alishikwa na uchungu wa uzazi katika moja ya wiki hizo. Daktari alisimama ng'ambo tangu asubuhi hadi alasiri. Walimwona waziwazi. Hawakuweza kusikia anachosema, kwa hiyo mara kwa mara alikuwa akiuinua juu mkoba wake, wajue kwamba yupo na yuko tayari. Alasiri Keziah alitoka nje, akampungia mkono kumwambia aende nyumbani. Waliwazika mama na mtoto katika sanduku moja.

Jabez alitaka daraja. Hakuwa na jambo jingine la kuwaambia wapiga kura, na alilisema kwa maneno machache, mara nyingine akiwa anakata kitambaa.

Mpinzani wake alikuwa Ranald Beaton wa Ardroy, mfanyabiashara pia, mkubwa kuliko yeye, mwenye ghala mbili na kiwanja cha kuunda merikebu upande wa juu wa mto, mbali na bahari. Beaton hakuwa mtu mbaya. Ila daraja likijengwa, merikebu zake zingepitia wapi? Alilisema hilo kila mahali bila kuficha, na watu wa Ardroy, ambao nusu yao walikula kwa misumeno na nyundo za kiwanja kile, walimwelewa.

Effie alikuwa anafunga shali yake aondoke alipokumbuka kitu. Alisema upepo wa jana umeangusha misonobari yote kule barafuni. Alipita pale alfajiri kuteka maji, akaona mstari mzima umelala, na mingine imepeperushwa hata haionekani.

Jabez aliweka chini kile kichuma.

Kila mwaka barafu ikishika, mwangalizi alipanda juu yake miche ya msonobari, hatua ishirini kwa ishirini, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukiifuata, uko salama. Ukiiacha, kuna mahali mkondo wa maji unakula barafu kutoka chini, na juu yake theluji imelala nyeupe na laini kama kwingine kote. Bila misonobari hakuna mtu mwenye akili angevuka na farasi. Na kituo cha kura kilikuwa kimoja tu, shule ya Instow. Wapiga kura wote wa Ardroy walikuwa ng'ambo.

Karibu na jiko la chuma alikuwa amekaa Bwana Cudlip, mtu aliyetumwa na chama cha siasa kutoka Charlottetown, mji mkuu wa Kisiwa, amsaidie Jabez. Alikuwa kijana nadhifu, na alikuwa amesikia kila neno la Effie. Aliinuka, akamvuta Jabez kando, akamweleza kwa upole kabisa kwamba upepo haukutumwa na mtu. Hakuna aliyeng'oa mti hata mmoja. Mwangalizi wa barafu anaweza kufika kazini saa sita mchana, hata saa nane, hakuna sheria inayosema lazima iwe asubuhi.

"Wapo watu wazee ng'ambo," Jabez alisema. "Wakichoka kungoja watavuka hivyo hivyo."

"Waskoti wa ng'ambo wana akili zao, Bwana Hockin. Wataona njia haina alama, watarudi kunywa chai."

"Huwajui," Jabez alisema, akaenda kumtandika farasi.

Keziah alimfuata hadi zizini. Alimfunga mkanda wa sufu kiunoni, akamwekea mikate miwili ya shayiri katika mfuko wa koti, akakaza fundo mara ya pili ingawa lilikuwa limekaza.

*

Miche ilikuwa imebaki ya kutosha nyuma ya ghala. Aliipakia kwenye sleji, gari la kuteleza lisilo na magurudumu, akaelekea mtoni, akatoboa barafu kwa mtaimbo, akachomeka mche, akaujazia theluji kwa kiatu na kumwaga maji kidogo yagande. Hatua ishirini. Akatoboa tena. Ng'ambo aliziona sleji zimejipanga ukingoni, nyeusi, farasi wakitoa mvuke puani. Walikuwa wakimngoja.

Alipofika katikati, mzee mmoja alikuwa ametoka kule kwa miguu, akiipima kila hatua kwa fimbo. Alikuwa Dougald MacIsaac, aliyemfahamu tangu siku za mzigo mgongoni. Mzee hakusalimu. Alichukua mche kutoka kwenye sleji, akausimamisha katika tundu na kuushikilia wakati Jabez anajaza theluji.

"Hebu nieleze," Dougald alisema baada ya mche wa tatu. "Unanitengenezea njia nije nikunyime kura yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na unajua nitakunyima?"

"Umeninyima kila nilipopendekezwa, hata udhamini wa shule."

"Basi," mzee alisema, "shika vizuri huo mtaimbo, usije ukafa kabla sijakunyima." Akacheka mpaka akakohoa, akachukua mche mwingine.

Walipomaliza sehemu kubwa, sleji zilianza kuvuka. Ya kwanza ilikuwa ya Ranald Beaton mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, ndevu zimegandia barafu, amejifunika ngozi ya dubu. Alisimamisha farasi pembeni mwa Jabez, akautazama mstari wa misonobari mbele na nyuma, kisha akamtazama aliyeipanda.

"Hii ni kazi ya asubuhi nzima," alisema.

"Upepo ulikuwa mkali."

"Nikungoje tuingie pamoja?"

Alimaanisha kuingia kwenye kura. Ilikuwa desturi ya mto ule. Huko Kisiwani kura ilipigwa kwa mdomo. Mtu alisimama mbele ya msimamizi, akataja jina lake, akataja kwa sauti jina la anayemtaka, na karani akaandika, na chumba kizima kikasikia. Zamani, Jabez akiwa bado mchuuzi, watu wa ng'ambo mbili walipigana kwa miti ya uzio mlangoni pa kituo, Waingereza Wamethodisti upande huu, Waskoti Wakatoliki upande ule, na wanaume wawili hawakurudi nyumbani, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Uchaguzi uliofuata, wagombea wote wawili waliingia wameshikana mikono, bila kuambiwa na padri wala mchungaji, na kila mmoja akataja jina la mwenzake. Wenye miti mikononi hawakujua la kufanya. Tangu hapo ilifanyika hivyo kila mara, na hapakuwa na ugomvi tena.

Jabez alimwambia asingoje. Palikuwa na ufa karibu na ukingo wa Instow, na alitaka kuuzungushia miche kabla sleji nzito hazijafika.

"Basi natangulia," Beaton alisema, akishika hatamu. "Nilitaje jina lako kabla sijabadili nia."

Hapo ufani ndipo Jabez alipozama. Haikuwa ajali kubwa. Barafu ilipasuka chini ya mguu mmoja, akajitupa pembeni, wa pili nao ukaingia, na maji yakampanda hadi juu ya magoti kabla Dougald hajamvuta kwa kola ya koti. Mzee alimtukana kwa Kigaeli, lugha ya Waskoti, muda mrefu. Kisha akaipanda mwenyewe miche minne iliyobaki, wakati Jabez amekaa kwenye sleji, miguu yake ikianza kutokuwa yake.

*

Saa tisa na nusu alasiri alikuwa bado amekaa nyuma ya duka mbele ya jiko, miguu katika beseni. Maumivu yalikuwa yamerudi vidoleni, jambo ambalo Keziah alilipokea kwa kutikisa kichwa mara moja, ameridhika. Kidole chenye kuuma ni kidole kilicho hai.

Kutoka dukani zilifika habari kila nusu saa. Wa Instow walipiga kura asubuhi, naye akatangulia mbali. Kisha wa Ardroy wakaja, sleji baada ya sleji, na pengo likawa dogo, likawa jembamba, likaisha. Sasa Bwana Cudlip aliingia, amevua kofia, uso wake umechangamka kwa namna ambayo Jabez hakuipenda.

Alivuta kiti karibu. Alisema hesabu ni mia moja ishirini na moja kwa mia moja ishirini na moja. Wapiga kura wote wenye kuweza kutembea wamekwisha kupita. Aliyebaki kwenye orodha ni mmoja tu, na mmoja huyo ameweka miguu yake kwenye beseni.

Jabez alichezesha vidole ndani ya maji.

Cudlip aliendelea taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kura zikilingana, msimamizi ndiye mwenye kura ya kukata shauri. Msimamizi ni Simeon Pound, kaka yake Keziah. Hakuna haja ya Jabez kujipigia kura, jambo hilo lingeonekana vibaya. Hakuna haja ya kufanya chochote. Kituo kinafungwa saa kumi. Mtu aliyezama mtoni akiwatengenezea njia wapinzani wake, nani atamuuliza kwa nini hakutembea hadi shule?

"Kaa tu," alisema. "Kunywa chai. Ukimaliza kikombe hicho utakuwa mjumbe."

Kisha akatoka, maana alikuwa na akili ya kutosha kujua wakati wa kuondoka.

Jabez alitazama maji ya beseni. Alikuwa anafikiri juu ya kura moja katika zile mia moja ishirini na moja zake. Ranald Beaton aliingia shuleni wakati watu wake wote walikuwa bado barafuni, wakati hesabu ilikuwa sitini na kitu kwa sifuri, akasimama mbele ya Waingereza watupu na kulitaja jina la Hockin. Iondoe hiyo, na uchaguzi ulikuwa umekwisha zamani, na kwa upande mwingine.

"Unafikiria kwenda," Keziah alisema.

Alikuwa amesimama penye jiko, mgongo kwake, akikoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

"Alilitaja langu, Kez."

"Nimesikia. Mji mzima umesikia." Alikoroga. "Na yule aliyesimama ng'ambo na mkoba, yeye tumfanyeje? Mwaka kesho atasimama tena. Atauinua tena. Safari hii kwa binti wa nani?"

Jibu alilokuwa nalo Jabez lilionekana dogo sana ndani ya chumba kile. Alitaka kumwambia juu ya wale wanaume wawili wasiorudi nyumbani. Lakini hawakuwa watoto wake, na Tamsin alikuwa.

"Nikikaa hapa," alisema mwishowe, "nitakuwa nimekaa. Kila mtu atajua nilikaa. Mwaka mwingine Ranald naye atakaa. Na atakayefuata hataingia na mkono wa mwenzake. Ataingia na watu wake."

"Labda."

"Labda. Sijui, Kez. Labda ni kiburi tu."

Keziah aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu. Yalikuwa hivyo tangu Aprili ile.

"Mimi sitakuzuia," alisema. "Wala sitakusukuma. Ila usiniombe nikuchekee leo."

Akaingia dukani, akamwacha peke yake.

Jabez alipangusa miguu, akaangaza kutafuta viatu. Alivikuta nyuma ya jiko, vimesimama wima, vimejazwa shayiri iliyopashwa moto. Ndivyo viatu vilivyolowa vinavyokaushwa haraka, lakini ni kazi. Lazima shayiri ipashwe sufuriani, imiminwe, ikipoa itolewe, ipashwe tena, na kiatu hakikauki kwa mara moja wala mbili. Aliingiza mkono. Shayiri ilikuwa bado ya moto. Keziah alikuwa akiibadilisha alasiri yote, tangu kabla ya Cudlip, tangu kabla ya mtu yeyote kujua hesabu itafika wapi.

Aliimimina yote katika kopo lake, asimwage hata punje, akavaa.

*

Shuleni palikuwa pamejaa. Wa Instow upande wa madirisha, wa Ardroy upande wa jiko, na katikati nafasi ndogo mbele ya meza ambapo Simeon Pound alikuwa ameweka saa yake imefunguka. Ilibaki dakika tisa. Jabez alipoingia akichechemea, watu wakampisha, na sauti zikashuka mpaka ukasikia kalamu ya karani ikidonyoa wino.

Cudlip, dirishani, aligeuza uso akatazama nje.

Simeon alimwangalia shemeji yake muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Kisha akafanya kazi yake. Akamwomba ataje jina lake na mali inayompa haki ya kupiga kura, ingawa alikuwa amekula chakula cha Krismasi ndani ya mali hiyo.

"Jabez Hockin. Duka na eka kumi na mbili."

"Na unampigia nani?"

Wakati huo, hata yeye hakuwa na hakika. Jambo hilo hakumwambia mtu baadaye isipokuwa mkewe. Jina lake mwenyewe lilikuwa pale pale mdomoni, kwa kuwa ametoka kulitaja. Angelirudia tu. Alimwona Tamsin, si wa siku ile ya mwisho, bali wa miaka saba, amekaa juu ya meza ya duka akigonga kwa kisigino.

"Ranald Beaton," alisema.

Karani hakuandika. Simeon ilibidi amguse mkono.

Hakuna aliyeshangilia. Watu wa Ardroy walikuwa wameshinda, na walisimama wakitazama ncha za viatu vyao kama watu walio katika kanisa la wengine. Mzee Dougald ndiye aliyevua kofia kwanza, akaikunja, akaiweka kwapani. Dakika zilizobaki zilipita hivyo hivyo. Simeon alifunga saa, akasoma hesabu, mia moja ishirini na mbili kwa mia moja ishirini na moja, na sauti yake ilikwaruza kwenye namba ya pili.

Wa Instow walipotoka, baadhi walimpita Jabez bila kumtazama. Mmoja, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita, alisimama mbele yake kana kwamba atasema jambo, akashindwa, akaenda. Huyo ndiye aliyemuumiza zaidi ya wote. Effie Moase, aliyekuwa akingoja nje na wanawake wengine, alimwondolea theluji begani kwa kiganja, kama mtu anavyomfanyia ndugu, akaendelea na njia yake.

Keziah alikuwa ukingoni mwa mto, amejifunga shali kichwani. Alikuwa amekwisha kusikia. Jabez alienda akasimama pembeni mwake. Walitazama sleji zikishuka barafuni moja moja, na hakuna kati yao aliyemshika mwenzake mkono, lakini hakuna aliyesogea.

Sleji ya Beaton ilikuwa ya mwisho. Alimwachia hatamu mtu mwingine, akaja kwa miguu. Alivua kofia kwa Keziah. Alionekana kuwa na maneno aliyoyaandaa njiani, na alipofika hayakumfaa.

"Bi Hockin," alisema. Kisha kwa Jabez, akiwa anatazama mto, "Lingepita wapi?"

"Nini?"

"Daraja lako. Umezunguka nalo wilaya nzima, hukuwahi kuniambia lingepita wapi."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Jabez alinyoosha kidole, si kwenye njia ya misonobari bali upande wa chini wa mto, mahali pembe mbili za nchi kavu zinapokaribiana. Beaton alipatazama kwa jicho la mtu anayeunda merikebu, macho yamefinywa.

"Hapo ndipo penye kina," alisema. "Hapo ndipo zangu zinapopita."

"Najua."

"Ukiweka nguzo hapo, umeniua."

"Najua, Ranald. Nilifikiria sehemu ya katikati iwe ya kufunguka. Inuliwe kwa minyororo. Sijui zinavyotengenezwa. Mimi napima siagi."

Beaton alisema hawezi kuahidi kitu. Watu wake hawakumtuma kwa ajili hiyo, na wangemwuliza. Jabez alisema anaelewa. Keziah alikuwa akimtazama Beaton moja kwa moja, bila chuki na bila huruma, kama mtu anavyoitazama saa. Na Beaton, ambaye hakuzoea kutazama chini, akatazama chini.

"Merikebu yangu kubwa," alisema hatimaye, "upana wake, ukiongeza nafasi ya kupumua huku na huku..." Hakumaliza. Alirudisha kofia kichwani, akashuka ukingoni kule kwenye pembe ya nchi, akaanza kutembea juu ya barafu kwa hatua ndefu zilizo sawasawa.

Jabez alimwita, akamwambia barafu ya hapo si ya kuaminiwa, ashike kulia. Beaton aliinua mkono kuonyesha amesikia, akashika kulia. Jabez alishuka nyuma yake, akichechemea, ili amwonyeshe.

Jua lilikuwa limefika chini, na theluji imegeuka rangi ya waridi. Keziah alibaki pale alipokuwa. Chini yake wanaume wawili walizidi kuwa wadogo, mmoja mrefu mbele, mmoja mfupi nyuma yake hatua chache. Katikati ya mto yule mrefu alisimama, akanyoosha mikono yote miwili kwa upana wake wote, akageuka hivyo polepole, akiangalia mto upande wa juu na upande wa chini.

Kisha akashusha mikono, akaendelea kupima kwa hatua. Alikuwa akihesabu kwa sauti, kwa Kigaeli cha mama yake, na Jabez, aliyekuwa nyuma akikanyaga mle mle alimokanyaga mwenzake, hakuweza kujua walikuwa wamefika ngapi.